Antena Uliyoishusha

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naitanguliza kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, na baba asingependa nimwandikie mkubwa wangu barua inayoanza na ugomvi. Natumaini wewe na wifi hamjambo, na kwamba kile kikohozi cha mtoto kimepungua. Wifi asimpe vitu vya baridi asubuhi. Sisi huku miili yetu ni mizima. Mama anakula, ingawa anadonoa tu kama kuku asiyeiamini punje. Mimi bado niko kwenye karakana ya kushona sare, cherehani yangu ni ile ile ya karibu na dirisha, na miguu huvimba jioni kama kawaida. Mvua zimeanza. Bati la jikoni linavuja pale lilipotobolewa, na nitakueleza ni nani aliyesababisha litobolewe.

Baada ya salamu hizo, kaka, nina hasira na wewe.

Nimejaribu kuipoza. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Nimesugua masufuria mpaka yakaona aibu. Kazini nimeshona kola juu chini, ikabidi nifumue, na msimamizi akaniuliza kama nimependa mtu. Haikupoa. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unanishinda. Ukishasema "sikiliza, mdogo wangu," mimi husikiliza kweli, na nikimaliza kusikiliza nakuwa nimeshasahau langu. Karatasi haikatizwi maneno. Isome mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati.

Juzi ulinipigia ukaniambia kwamba Jumamosi utatuma gari kumchukua mama. Ukasema nimfungashie nguo, vyombo tuvigawe, nyumba ipangishwe. Hukuuliza, ulitangaza. Ulisema umepata habari kwamba mama ameanza kuchanganyikiwa, kwamba kila asubuhi anasimama nyuma ya nyumba akiongea na paa. Najua habari hizo zimetoka wapi. Zimetoka kwa jirani yetu tunayemwita Redio, ambaye hazimwi wala haishiwi betri. Yeye alichungulia juu ya ukuta akaona mgongo wa mama, akakupa hukumu nzima. Nawe ukaipokea. Mimi ninayelala chumba kimoja na mama hukuniuliza hata kama analala vizuri.

Sasa nianze na antena.

Najua kwako ilikuwa takataka. Ulipokuwa mdogo uliionea aibu. Ulikuwa ukiwaambia rafiki zako ni kamba ya kuanikia nguo. Lakini ulipoondoka baba aliendelea nayo mwaka hadi mwaka. Aliitengeneza upya kwa fremu za dirisha za aluminiamu, akazikata vipande virefu na vifupi na kuvipanga kama mifupa ya samaki. Alijua kwamba antena ya kuweka ndani juu ya kabati ni pambo tu, na kwamba kila unapoipandisha ndipo inapouona mnara wa matangazo. Lilipojengwa lile ghorofa upande wa kilimani, likatuzibia mnara, alirefusha nguzo kwa kipande cha bomba la maji. Mvua zilipoanza kuua picha polepole, aligundua maji yanaingia kwenye maungio ya waya, akayafunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, mikunjo imelala kama ya bandeji. Hayo yote alijifunza peke yake, kwa kukosea.

Na kila mara upepo ulipoigeuza, alipanda. Ngazi aliiegemeza kwenye ukuta wa jikoni, mama akasimama dirishani, mahali ambapo mtu anaona televisheni ndani na nguzo nje. Hapo mtaa mzima ulisikia. Baba aliuliza, hapo je? Mama akajibu bado. Sasa? Umepita, rudi. Rudi kidogo, si kwa mbio, hufukuzwi. Hapo? Hapo hapo, usipumue! Kisha baba akateremka, na kabla hajafika chini msomaji wa habari ameganda mdomo wazi, uso umekatika vipande vipande, na mama akasema imeondoka tena. Baba akageuza mguu kwenye ngazi. Redio alikuwa akipiga kelele kutoka kwao kwamba kwake picha ni safi, basi mwacheni mzee ashuke anywe maji. Mama alimjibu kwamba kila nyumba na mnara wake.

Ulikuja msibani. Nilifurahi kukuona, sitaficha. Ulibeba jeneza mbele upande wa kulia na nilijivunia mabega yako. Lakini siku iliyofuata, viti vya kuazima bado viko uani, ulisimama na kikombe mkononi ukatazama juu, ukacheka. Ukasema, mbele ya wafanyakazi wenzake baba wa idara ya maji, kwamba mzee alifunga mabomba ya mji mzima lakini boliti moja ya antena ya nyumbani kwake ilimshinda. Watu walicheka kidogo, kile kicheko cha msibani cha kumsitiri mtu. Mama alikuwa amebeba birika. Nilimwona analiweka chini, taratibu, kama lililojaa kupita kiasi, na lilikuwa tupu.

Jioni ile ile ukaleta fundi wa dishi. Hukungoja hata udongo ukauke. Alipanda na msumeno akaikata nguzo chini kabisa, akaiteremsha antena kwa kuitupa, ikaanguka kifudifudi na kupinda. Ulimwambia aondoke nayo. Kisha akatoboa bati kufunga miguu ya dishi lako, na hapo ndipo mvua inapoingia sasa, nimeweka beseni. Mimi nilikuwa jikoni nikiosha vyombo vya wageni. Nilisikia msumeno, nikadhani mnarekebisha ngazi.

Wiki iliyofuata niliomba ruhusa kazini nikaenda kuitafuta kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilimweleza umbo lake, nikamchorea kwa kidole kwenye vumbi. Akaniambia, dada yangu, kama ni aluminiamu nenda kaitafute jikoni kwako, huenda imeshakurudia ikiwa sufuria. Wenzake wakacheka. Hawakuwa na ubaya, hawakujua. Nikacheka nao ili nisilie, kisha nikalia njiani, nikasingizia vumbi mbele ya mwanamke nisiyemfahamu, naye akanipa kitambaa chake bila kuuliza.

Sikatai kwamba dishi lako lina picha safi. Nyusi za mtangazaji unaweza kuzihesabu. Mama aliitazama mara moja, akasema kweli inaonekana, akaizima, akaifunika televisheni kwa kile kitambaa chake cha maua. Haijafunuliwa tena. Nawe kila ukipiga simu unaniuliza, je, mama anafurahia chaneli? Kaka, ulitoa chakula mdomoni mwa mtu ukampa sahani nzuri.

Huelewi, na hapa nitakutendea haki kidogo, kwa sababu hukuwepo. Ngoja nikueleze.

Baba na mama walikuwa hawasemeshani. Sisemi walinuniana siku mbili tatu. Nasema tangu ulipoondoka. Wewe ulikuwa ukimpigia mama simu, unamuuliza baba hajambo, naye anakujibu hajambo, na ulikuwa ukweli. Alikuwa hajambo, amekaa hatua chache kutoka alipo mama, na hawasemeshani. Mezani mimi ndiye niliyekuwa daraja. Mama akiniambia mwambie baba yako chumvi iko mbele yake, baba akiniambia mwambie mama yako nimeiona, nina macho, na mimi katikati na kijiko mdomoni simwambii mtu kitu kwa sababu wameshasikiana. Wageni wakija, kila mmoja alizungumza na mgeni kwa upande wake, na hakuna mgeni aliyewahi kugundua. Hata Redio hakugundua! Nadhani ndiyo siri pekee iliyowahi kumpita.

Unakumbuka siku ulipoacha nafasi ya idara ya maji aliyokutafutia baba kwa kuwapigia watu magoti, ukasema hutaki kufa na spana mkononi kama yeye. Akakuambia toka, na usirudi mpaka nikuite. Hayo uliyasikia. Usichokisikia ni jibu la mama, maana ulikuwa umeshaubamiza mlango. Mama alimwambia kwamba siku atakayomwita mtoto ndiyo siku atakayomwita na yeye, na kabla ya hapo asimsemeshe. Baba akasema, vema. Basi. Unawajua wale wawili. Neno likishatoka halina njia ya kurudi.

Isipokuwa antena. Mama aliniambia zamani kwamba kuelekeza antena si kusemeshana. Ni kazi, kama unavyomwelekeza dereva anayerudi nyuma, hata kama ni adui yako, utamwachaje agonge ukuta? Kwa hiyo "bado" na "umepita" na "rudi" yalikuwa maneno halali, nao waliyatumia yote, mpaka yakachakaa.

Hayo nilikuwa nayajua. Nisiyoyajua nimeyasikia juzi, baada ya simu yako. Nilimpelekea mama habari za gari. Nilikuwa na hasira, na katika kukulaani nikasema jambo la kijinga, kwamba hata hivyo kuhusu boliti hukukosea, baba kweli hakuiweza. Mama alinitazama, kisha akacheka. Kaka, sijamsikia akicheka tangu tuzike. Alicheka mpaka akajishika kiuno. Akaniuliza kama nilizaliwa na akili hizi au nilizipata kazini. Mtu aliyefunga mabomba maisha yake yote na hakuna kiungo chake kilichowahi kudondosha tone, ashindwe na boliti?

Baba alikuwa akiilegeza mwenyewe. Kila alipomaliza aliikaza nusu tu, akairudisha spana mfukoni, akaacha upepo ufanye kazi yake. Mama alikuwa akimwona kutoka dirishani, tangu miezi ya mwanzo. Nikamuuliza mbona hakusema. Akaona haya kama msichana. Akasema na yeye alikuwa na lake: mara nyingi picha ilikuwa imetulia mapema, ule mstari wa mawimbi kwenye king'amuzi umejaa mpaka mwisho, naye akimwambia bado, geuza. Siku nyingine alimgeuzisha mpaka taarifa ya habari ikaisha. Huyu anajua kwamba yule anajua, na hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kusema.

Wewe ulisimama uani na kikombe ukawachekea watu hawa.

Bado kuna jingine. Kule juu, mkono ukiwa kwenye nguzo na uso umeelekea mnara, ndiko baba alikokuwa akikuulizia. Mezani hakuwahi kukutaja, na mimi nilidhani amekufuta. Juu ya bati alikuwa akisema, bila kugeuka, yule wa mbali hajambo? Mama akajibu hajambo, zungusha kulia. Kwamba umepata kazi aliambiwa akiwa juu ya bati. Alipoambiwa umeoa, aliuliza kama binti ana heshima, mama akasema ana heshima kuliko wewe, rudi kidogo. Siku alipoambiwa mtoto amezaliwa alikaa chini pale pale kwenye bati la moto, mpaka mama akamwambia anyanyuke ataunguza suruali.

Mimi sikuyasikia kwa sababu hayo yalifanyika asubuhi, nikiwa kazini. Na asubuhi ndiyo saa ambayo mama husimama pale nyuma. Hajachanganyikiwa. Anampa baba habari. Anamwambia mtoto anakohoa. Anamwambia bati linavuja. Kama huo ni wazimu, basi kila aliyewahi kusimama penye kaburi akasema neno ni mwendawazimu, na wewe umo, nilikusikia siku ile ulipodhani tumeshatangulia.

Sasa nafika mahali ambapo mama aliniomba nisifike. Aliniapisha. Mimi sijawahi kumvunjia mama neno, hata nilipokuwa mtoto nikitumwa dukani nilirudi na chenji yote. Leo navunja, kwa sababu gari lako liko njiani, na siwezi kukuacha uendelee kuwa mwema namna hii.

Baba alikuita.

Ilikuwa muda mfupi kabla hajaugua. Alipanda kwa tabu, ngazi ikimtetemesha, mama akataka kumkataza lakini hakuwa na neno halali la kumkataza nalo. Alipofika juu hakugeuza kitu. Alishika nguzo. Mama akamngoja aulize, hapo je? Hakuuliza. Akasema, mwite. Mwambie mimi nimesema aje.

Mama anasema hakungoja hata baba ashuke. Aliingia ndani akakupigia. Hakutaka kukuambia kwenye simu kwamba baba amekuita. Alitaka ufike mlangoni ulisikie kwa kinywa cha baba mwenyewe, wote wawili mkiwa mmesimama. Kwa hiyo alikuambia tu uje nyumbani, mzee hawezi tena ngazi, anahitaji mtu wa kumshikia antena. Unakumbuka ulivyomjibu? Kulikuwa na watu karibu nawe, mama alisikia sauti zao. Ulicheka ukasema, mama, achaneni na hayo mabomba, nina shughuli nyingi, nitawaletea dishi.

Mama aliiweka simu. Baba alikuwa bado juu, amekumbatia nguzo, akingoja. Akauliza, anasemaje?

Mama akamwambia, anakuja.

Jioni nilirudi kutoka kazini nikasikia sauti ya mwanamume na ya mwanamke wakizungumza ndani. Nilisimama mlangoni na mkoba mkononi nikadhani kuna mtu amekufa. Walikuwa wamekaa upande mmoja wa meza. Baba alikuwa akimweleza mama jinsi bomba kuu la maji lilivyopasuka mwaka fulani wa zamani, habari iliyochacha, na mama akiuliza maswali kama imetokea leo. Hakuna aliyeniambia nimwambie mtu kitu. Nilikula nikiwa sina kazi. Niliuliza kulikoni, baba akasema kaka yako anakuja, na mama akatazama sahani yake.

Wiki zile zilikuwa nzuri kuliko zote nilizoishi katika nyumba hii. Baba alikupakia rangi kile kitanda chako cha chuma. Alikuwa akisikia gari linapunguza mwendo, anasimama. Mama alikuwa anataka kukupigia tena kila siku, na kila siku aliogopa utasema hapana waziwazi, halafu itambidi amwambie baba. Kisha baba akaugua ghafla, na ulipoambiwa ukasema utakuja mwisho wa mwezi, na ukaja, na unajua ulichokuta. Ukaja na dishi kama ulivyoahidi.

Mama anasema uongo ule ulimrudishia mume wake, na kwa ajili hiyo anajiona ni mwizi. Hataki ujue kwa sababu hataki ubebe. Mimi nimeona ubebe. Nimekuwa nikibeba maneno ya watu wa nyumba hii tangu nikiwa msichana. Haya ni yako, nakukabidhi, mabega unayo.

Kuhusu Jumamosi: mama hapandi gari hilo. Nimemuuliza mara mbili, kwa upole, kama anataka kwenda kuishi kwenu. Amesema anakushukuru, na wifi pia, lakini hajawahi kuhamishwa na dereva. Nguo zake sikuzifungasha. Nyumba haipangishwi. Mwambie huyo dereva apumzike na watoto wake.

Njoo wewe. Usije na fundi, usije na kitu kwenye boksi. Ukifika, usimwambie mama kwamba nimekuandikia. Kaa naye. Akikuambia mwenyewe, mwache aseme yote, usimkatize na "sikiliza." Asipokuambia, mwulize habari za baba, na umwache akujibu asubuhi, nyuma ya nyumba.

Mimi nitakuwa bado nimekasirika. Najijua, sina pumzi ya kushika kinyongo, nitaachia tu siku moja bila hata kutaka. Lakini si Jumamosi hii. Ukinikuta uani nafua na siinuki, usijali, pita ndani. Rangi ya kitanda imeshakauka.

Wifi mpe salamu zangu nyingi, na mtoto mpakate kwa niaba yangu. Mwambie ana shangazi.

Ni mimi, mdogo wako niliyebaki nyumbani.